Kiti cha Ofisi na Ajira za Keko

Katika karakana za samani za Keko, Dar es Salaam, kiti kimoja cha mninga hupita mikononi mwa watu watatu au wanne kabla hakijatolewa barabarani kuuzwa: yupo anayeranda mbao, yupo anayeunga, yupo anayepiga msasa na vanishi, na aghalabu yupo anayeshona kitambaa cha kukalia. Kiti kinachoshushwa bandarini kikiwa ndani ya boksi huhitaji kijana mmoja mwenye bisibisi. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ya wanaotaka kanuni za ununuzi wa umma, yaani manunuzi ya serikali na taasisi zake, zilinde viwanda vya ndani, nami naiunga mkono, kwa sharti nitakalolieleza.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Tanzania ya mwaka 2023 inatoa nafasi ya kuwapendelea wazabuni na bidhaa za ndani. Namna mojawapo ya upendeleo ni kuongeza bei ya bidhaa ya nje wakati wa kulinganisha zabuni. Chukulia nyongeza hiyo ni asilimia 15: viti vya kutoka nje vya shilingi milioni 10 vitahesabiwa kuwa vya milioni 11.5, na mzabuni wa ndani aliyetaja milioni 11 atashinda.

Wanaopinga huuliza ile milioni moja ya ziada inatoka wapi. Inatoka kwa mlipa kodi, na swali lao ni la haki, hasa Bohari ya Dawa, taasisi ya serikali inayosambaza dawa kwa vituo vya afya vya umma, inaponunua dawa, kwa kuwa bei ikipanda, zahanati hupata dozi chache. Wanakumbusha pia kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China miaka ya 1960, kama mfano wa kiwanda kilichozoea kulindwa, kisha kikatetereka soko lilipofunguliwa kwa nguo za nje na mitumba. Kwa sababu hiyo naona upendeleo uwe na ukomo wa miaka, na upimwe kwa kazi inayofanyika nchini. Anayeagiza kiti kizima kutoka nje na kukibandika nembo yake Barabara ya Nyerere asihesabiwe kuwa mzalishaji kwa sababu tu kampuni yake imesajiliwa hapa.

Hata hivyo, pande zote mbili hulipita haraka suala la malipo. Fundi hununua mbao kwa fedha taslimu, pengine za mkopo, huwalipa vibarua kila Jumamosi, kisha huikabidhi taasisi viti na kuanza kufuatilia hundi. Mwagizaji mkubwa mwenye akiba anaweza kuvumilia. Fundi huanza kwa kumpunguza mpiga msasa. Sharti langu ni kwamba taasisi inayonunua kwa upendeleo iwe na fedha tayari kabla ya kutangaza zabuni, kwani malipo yakichelewa miezi minane, asilimia 15 ile yote inaweza kumezwa na riba ya mkopo ulionunua mbao.