Kumuuza beki kisiki dirisha dogo: nusu shari au kujichongea?

Tarehe 4 Januari 2012 Bolton Wanderers walikwenda Goodison Park wakiwa ndani ya eneo la kushuka daraja. Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba kipa wa Everton, Tim Howard, alibutua mpira kutoka karibu na lango lake, ukadunda, ukampita kipa mwenzake na kuzama wavuni. Bolton hawakuzimia. David Ngog alisawazisha, kisha beki wa kati Gary Cahill akafunga la ushindi, 2-1. Siku 12 baadaye Cahill alitambulishwa Chelsea kwa ada ya takriban pauni milioni 7. Mei ilipofika, Bolton wakashuka kwa upungufu wa pointi moja, na siku sita baada ya hapo Cahill alikuwa uwanjani Munich akicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa, ambayo Chelsea waliibeba mbele ya Bayern.

Ukisimulia hivyo, kesi imekwisha kabla haijasikilizwa: walibomoa ukuta wao wenyewe, nyumba ikawaangukia. Ndivyo mashabiki wengi wanavyoisimulia, na ndivyo tunavyosema kila dirisha dogo la usajili la Januari klabu inapomwachia beki wake bora msimu ukiwa nusu. Mimi naona hesabu ile ina pande mbili, na upande wa viongozi haukuwa wa kipuuzi kama unavyodhaniwa.

Tuanze na mkataba. Wa Cahill ulikuwa unaisha kiangazi cha 2012, na hakuwa tayari kusaini mwingine. Tangu hukumu ya Bosman mwaka 1995, mchezaji wa aina hiyo akimaliza muda wake anaondoka zake bila klabu kulipwa chochote, na ikibaki miezi sita anaruhusiwa hata kuingia makubaliano ya awali na klabu ya nchi nyingine. Kwa hiyo Januari ile mwenyekiti wa Bolton, Phil Gartside, hakuwa anachagua kati ya Cahill na milioni 7. Alikuwa anachagua kati ya milioni 7 na miezi kama minne ya Cahill. Na klabu yenyewe ilikuwa na deni la zaidi ya pauni milioni 100, sehemu kubwa ikidaiwa na mmiliki wake, Eddie Davies. Mtu mwenye deni la namna hiyo hakatai fedha taslimu kirahisi. Wahenga walishasema, heri nusu shari kuliko shari kamili.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitazami. Katika mechi 20 za ligi za kwanza, Cahill akiwa mchezaji wao, Bolton walikusanya pointi 16 na kupoteza mechi 14. Katika mechi 18 zilizofuata bila yeye, walikusanya pointi 20. Yaani bila beki wao bora walipata wastani mzuri zaidi kwa mechi kuliko walipokuwa naye. Waliwafunga Liverpool 3-1 siku chache tu baada ya yeye kuondoka. Mtu akikuambia kwamba kuondoka kwa Cahill ndiko kulikoiangusha Bolton, mwulize basi nani aliiweka mkiani kabla hajaondoka.

Hapo wakili wa Gartside anaweza kukaa chini akiwa ametabasamu. Lakini wastani huficha mambo, hasa kwa mabeki.

Mshambuliaji akiuzwa, pengo lake unaliona mapema: mipira inafika kwenye boksi na hakuna wa kuimalizia. Pengo la beki wa kati linaweza kujificha wiki nyingi. Timu inashinda hapa, inatoa sare pale, watu wanasema mbona tuko sawa. Linakuja kujitokeza dakika za mwisho, timu inapoongoza kwa bao, imerudi nyuma, na inahitaji mtu mmoja wa kupanga mstari, kupiga kelele na kuuwahi mpira wa kwanza wa juu. Sasa angalia mechi mbili za mwisho za Bolton msimu ule. Tarehe 6 Mei, nyumbani, waliongoza 2-0 dhidi ya West Brom hadi robo saa ya mwisho, wakarudishwa bao moja, na la pili likaingia dakika ya 90. Tarehe 13 Mei, ugenini kwa Stoke, walikwenda mapumziko wakiongoza 2-1, na dakika ya 77 Jon Walters akasawazisha kwa penalti. Siku hiyo hiyo QPR, waliokuwa wakigombea nao nafasi ya kubaki, walifungwa 3-2 na Manchester City. (Dunia nzima inaikumbuka siku ile kwa bao la Aguero lililoipa City ubingwa. Kwa mtu wa Bolton ni siku ambayo mpinzani wake alipigwa kama alivyoomba, na bado haikusaidia.) QPR walimaliza na pointi 37, Bolton 36. Wangeshikilia uongozi katika mechi moja tu kati ya hizo mbili, wangefika 38 na wangebaki.

Je, Cahill angezuia? Hakuna anayeweza kuapa, na haki inataka tukumbuke mengine yaliyowapata msimu ule. Lee Chung-yong alivunjika mguu kabla ligi haijaanza. Stuart Holden alikosa karibu msimu wote kwa goti. Na tarehe 17 Machi Fabrice Muamba, kiungo mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani White Hart Lane, moyo wake ukiwa umesimama. Timu iliyopitia hayo huwezi kuiwekea shitaka la mauzo ya mchezaji mmoja. Ninachosema ni kwamba kile Bolton walichokosa mwishoni, yaani utulivu wa kulinda uongozi, ndicho hasa beki mzoefu anachouza. Aliyesajiliwa dirisha lile kuziba nafasi, Tim Ream, alikuwa kijana mzuri aliyetokea New York Red Bulls, na baadaye alicheza miaka mingi England kwa heshima. Ila kumtoa mtu ligi ya Marekani na kumtumbukiza katikati ya vita ya kushuka daraja, bila maandalizi ya kiangazi, bila kumzoea beki mwenzake wala kipa, ni kumpa mzigo usio wake.

Fedha nazo zinaweza kupimwa. Msimu ule hata klabu iliyoshika mkia katika Ligi Kuu England ilipata zaidi ya pauni milioni 39 kutoka kwenye mgawo wa ligi. Ukishuka unapewa fungu la kujikimu, lakini pengo la mwaka wa kwanza tu lilikuwa yapata milioni 20. Kwa hiyo swali la mhasibu lilipaswa kuwa hivi: je, kubaki kwa Cahill kungepunguza uwezekano wa kushuka kwa kiasi gani? Kama ni kidogo sana, chukua milioni 7. Kama ni theluthi moja au zaidi, basi milioni 7 ni bei ya hasara. Kwa timu ambayo mwishoni ilitengana na usalama kwa pointi moja, mimi naelekea upande wa kwamba walijiuza rahisi. Lakini hilo nalijua kwa sababu najua matokeo ya Mei. Gartside mwezi Januari alikuwa anaangalia timu iliyopoteza mechi 14 kati ya 20, na kwa mtazamo huo uwezekano wa kushuka ulikuwa mkubwa, Cahill awepo asiwepo.

Kosa lililo wazi zaidi lilitokea miezi mitano kabla. Agosti 2011 Arsenal walileta dau, Bolton wakaliita la dharau na kulikataa. Wakati ule msimu ulikuwa ndio kwanza umeanza, na mbele kulikuwa na mechi nyingi ambazo makosa yake yanarekebishika. Waliposubiri, hawakupata bei nono wala msimu mzima wa beki wao.

Kisa cha Southampton na Virgil van Dijk kinafaa kuwekwa pembeni ya hiki kwa sababu karibu kila kitu kimegeuzwa. Van Dijk alinunuliwa kutoka Celtic mwaka 2015 kwa takriban pauni milioni 13, na Mei 2016 akasaini mkataba wa miaka sita. Klabu haikuwa na saa inayoigongea. Kiangazi cha 2017 Liverpool walimtaka kwa pupa hadi wakalazimika kuomba radhi hadharani kwa namna walivyomwendea. Mchezaji akaandika barua ya kuomba kuondoka, Southampton wakakataa, kocha Mauricio Pellegrino akamfanyisha mazoezi peke yake. Kwenye karatasi walikuwa na nguvu zote.

Uwanjani nguvu hiyo haikuonekana. Alirudi kikosini lakini timu iliyumba, na siku ya Boxing Day, 26 Desemba 2017, Southampton walichapwa 5-2 na Tottenham pale Wembley bila yeye kucheza. Kesho yake ikatangazwa kwamba anakwenda Liverpool kwa pauni milioni 75, rekodi ya dunia kwa beki wakati ule. Hapa sina shida na uamuzi wa kuuza. Beki wa kati ambaye akili yake imeshahama anaumiza kuliko winga mwenye hali hiyo. Winga akizubaa unakosa krosi; beki akizubaa unafungwa. Na wenzake chumbani wanajua. Ukimbakiza kwa nguvu unajipa pia kazi ya kumweleza kila mmoja kwa nini yeye anapangwa na aliyejituma zaidi anakaa benchi.

Shida ya Southampton ilikuwa milioni 75 zilivyotumika. Timu yao ilikuwa haifungi mabao, wakampa Monaco karibu pauni milioni 19 kwa mshambuliaji Guido Carrillo, na Carrillo hakufunga hata bao moja la ligi akiwa nao. Machi wakamfukuza Pellegrino, wakamleta Mark Hughes. Mwishoni waliokolewa na ushindi wa 1-0 ugenini kwa Swansea tarehe 8 Mei, bao la Manolo Gabbiadini, wakamaliza na pointi 36, zile zile zilizowashusha Bolton miaka sita kabla. Swansea walikuwa na 33. Ukiniambia Southampton walicheza kamari nzuri, nitakukumbusha kwamba ilibaki bao moja la mchezaji mmoja.

Kinachonishangaza ni kwamba klabu ile ile iliwahi kufanya jambo hili vizuri, na Wakenya wanalikumbuka. Juni 2016 kiungo Victor Wanyama alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa mkataba. Southampton hawakungoja Januari. Walimuuza Tottenham mwanzoni kabisa mwa kiangazi kwa takriban pauni milioni 11, wakawa na miezi miwili ya kujipanga. Msimu uliofuata walimaliza nafasi ya nane na kucheza fainali ya Kombe la Ligi.

Wapo wanaouliza mbona Marekani, kwenye futiboli yao ya mikono, timu zinawaachia mabeki nyota Oktoba bila kelele nyingi. Jacksonville Jaguars walimtoa Jalen Ramsey kwenda Los Angeles Rams Oktoba 2019, baada ya mchezaji huyo kugombana na kocha wake na kuomba kuondoka. Walilipwa haki mbili za kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza, za mwaka 2020 na 2021, na nyingine ya raundi ya nne. Rams walitwaa ubingwa Februari 2022 wakiwa na Ramsey. Jaguars walishinda mechi moja tu mwaka 2020 kati ya 16, na adhabu yao ikawa kupewa nafasi ya kwanza ya kuchagua chipukizi, wakamchukua Trevor Lawrence. Kule kushika mkia kunalipa. Hakuna daraja la chini la kuangukia, hivyo kiongozi anaweza kuuza leo kwa ajili ya mwaka kesho na bado akaajiriwa. England, kama ilivyo kwetu, mwaka kesho unaweza kukukuta ligi nyingine.

Na ndiyo maana kocha na mwenyekiti hawawezi kuliona jambo hili kwa jicho moja. Kocha anahesabu Jumamosi. Owen Coyle, aliyeiongoza Bolton siku ya Stoke, alifukuzwa Oktoba iliyofuata, na utetezi kwamba beki wake aliuzwa katikati ya msimu haukumwokoa. Mwenyekiti anahesabu Juni, mishahara na riba. Bolton baadaye walishuka tena mwaka 2016, wakaingia chini ya wasimamizi wa ufilisi 2019, wakaanza msimu na pointi 12 pungufu na kuangukia daraja la nne. Milioni 7 za Cahill zisingezuia hayo, na Cahill mwenyewe asingeyazuia. Kama kuna siku moja ningewapa tena, ningechagua ile ya Agosti 2011, dau la Arsenal likiwa mezani na dirisha likiwa bado wazi, waongeze bei kidogo, wasaini, kisha waende sokoni kutafuta beki.