Namba Sita

Leseni yangu ya udereva imeisha muda. Siku hizi huendi kukaa benchi ofisini, unaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Haya, nikaweka paswadi, ikakubali, nikajipongeza. Kumbe bado! "Tumetuma namba sita kwa simu yako."

Simu ipi? Laini niliyojisajilia nayo ilipotelea kwenye matatu zamani, na sikubadilisha chochote. Kosa langu, sawa. Lakini laini ikilala sana, hupewa mtu mwingine. Nikaipigia. Akapokea mama mmoja, sauti ya kwaya.

"Samahani mama, umeletewa namba sita sasa hivi. Nisomee tu."

"Hee! Nyinyi matapeli wa gerezani leo mmeamka mapema!"

"Mama, si utapeli. Ni zangu."

"Zako, na zimekuja kwangu? Tumeambiwa hizi hazipewi mtu, hata mume."

Akakata. Nilipopiga tena, nilikuwa nimeshafungiwa.

Sasa nimkasirikie vipi? Hilo ndilo tunaloambiwa kila siku, na yeye pekee ndiye amesikia.

Wala sisemi ulinzi usiwepo. Julai 2023 si tuliona? Kikundi cha wadukuzi kilichojiita Anonymous Sudan kilidai ndicho kilichoiangusha eCitizen. Hawakuvunja kufuli. Walijaza mlango kwa maombi ya uongo, kama wale abiria wa kukodiwa wanaokalia viti vya matatu stendi: gari limejaa, safari hawana, na wewe mwenye nauli umesimama nje. Waziri wa mawasiliano wa wakati huo, Eliud Owalo, akasema hakuna data iliyopotea. Nikashusha pumzi. Siri zangu ziko salama.

Basi nikaenda kwa kijana wa saiba, duka la intaneti la mtaani, aliyenifungulia akaunti tangu mwanzo. Sikumaliza hata kueleza. Akavuta daftari chini ya kaunta, limelowa chai kona moja, akalamba kidole.

"Wewe ni wa mwaka gani?"

Mtaa mzima umo. Majina, namba za vitambulisho, paswadi, zote kwa kalamu ya wino. Yangu iko kati ya mwenye bucha na mke wangu, na zote tatu ni moja: jina la saiba, halafu moja-mbili-tatu.

"Kijana, hii ni siri kweli?"

"Mzee, nikimpa kila mtu yake, mtasahau."

Nikageuka nipate shahidi wa kulalamika naye. Nyuma yangu kwenye foleni amesimama chifu, kofia mkononi, anachungulia juu ya bega langu.

"Hebu niangalizie," akanong'ona, "yangu iko ukurasa gani?"