Mbona al-Kamil Hatajwi?

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu kulizuka ubishi wiki mbili zilizopita, na kama ilivyo kawaida ya ubishi wa dini, haukuchukua muda kufika kwenye Vita vya Msalaba. Binamu mmoja akaandika jinsi Wakristo walivyochinja watu Yerusalemu mwaka 1099. Mwingine, wa upande wa mama, akamjibu kwa Antiokia ya mwaka 1268, ilipotekwa na Sultani Baybars na wakazi wake wakauawa au kufanywa watumwa. Hadi usiku wa manane walikuwa wameshahesabiana maiti za karne mbili. Sisi ni watu wa Tanga. Baba ni Mdigo Muislamu, mama ni Msambaa aliyebatizwa Ulutheri kabla hajasilimu, na mjomba ni mzee wa kanisa mpaka leo. Mjomba ndiye aliyewanyamazisha. Aliandika mstari mmoja tu: "Wanangu, hao mnaowagombania ni babu zenu?"

Binamu zangu hawakusema uongo. Yerusalemu ilipoingiwa tarehe 15 Julai 1099 watu waliuawa hadi ndani ya eneo la Msikiti wa Al-Aqsa, na walioandika habari hizo kwa kujisifu ni Wakristo wenyewe. Kilichoniuma ni kwamba katika ujumbe ule wote, na sisi tumo humo watu zaidi ya arobaini na tumesoma, hakuna hata mmoja aliyemtaja al-Kamil, sultani wa Misri aliyewarudishia Wakristo Yerusalemu kwa mkataba.

Nadhani najua sababu. Mimi nilipofundishwa vita hivi sekondari, mwalimu alichora mstari katikati ya ubao. Kushoto akaandika Wakristo, kulia akaandika Waislamu, tukanakili majina na tarehe kwenye madaftari yetu: Papa Urban II na hotuba yake ya Clermont mwaka 1095 iliyoanzisha vita hivyo, Salahuddin na ushindi wa Hattin mwaka 1187, Richard wa Uingereza. Mtihani ulipokwisha, mstari ule ulibaki vichwani. Ukiwa na mstari kama ule kichwani, huwezi kumweka al-Kamil popote, kwa hiyo unamwacha.

Na mstari wenyewe hausimami. Mji uliotekwa mwaka 1099 ulikuwa mikononi mwa Wafatimi wa Kairo, Mashia, ambao walikuwa wameunyang'anya kwa Waturuki wa Kisuni mwaka mmoja tu kabla, na walikuwa wameshatumiana wajumbe na Wafaranji, ndivyo Waarabu walivyowaita Wakristo wa Ulaya Magharibi, wakitafuta kuelewana nao dhidi ya Waturuki hao hao. Kabla msafara wa kwanza haujafika hata nusu ya njia, makundi ya wapiganaji wa msalaba yalikuwa yameshawaua Wayahudi wa Worms na Mainz mwaka 1096. Mwaka 1204 jeshi lililoapa kwenda kuikomboa Yerusalemu likaishia kuupora Constantinople, mji mkubwa wa Wakristo wenzao. Na Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia aliyepita Shamu, yaani Siria na jirani zake, mwaka 1184, alishangaa kuona misafara ya biashara ikienda na kurudi kati ya Dameski na Acre, bandari ya Wafaranji, wakati huo huo Salahuddin akiwa ameizingira ngome yao ya Karak. Askari wako vitani, anasema, na raia wako salama. Kila upande ukitoza ushuru wake barabarani.

Sasa nimrudie mtu wangu.

Al-Malik al-Kamil alikuwa mtoto wa al-Adil, mdogo wake Salahuddin. Kwa lugha yetu, Salahuddin ni baba yake mkubwa. Alirithi usultani wa Misri mwaka 1218 katika hali ambayo hakuna mtu angeitamani: baba amefariki, na jeshi la msalaba limeshatua mlangoni mwa Nile na kuuzingira mji wa Dimyat, ambao Wazungu waliuita Damietta. Juu ya hayo, baadhi ya maamiri wake walikula njama ya kumpindua akiwa kambini. Mzingiro ulidumu hadi Novemba 1219.

Ndani ya mzingiro huo al-Kamil alitoa ombi ambalo kila nikilisoma nasimama. Aliwaambia Wafaranji: ondokeni Misri, nami nitawarudishia Yerusalemu. Mji wenyewe, ule ambao baba yake mkubwa aliutolea jasho kuupata. Yohana wa Brienne, aliyekuwa na taji la mfalme wa Yerusalemu bila kuwa na Yerusalemu, alitaka wakubali. Mjumbe wa Papa, Kardinali Pelagius, alikataa. Alitaka ushindi kamili. Mwezi Novemba wakaingia Damietta na kukuta mji umejaa maiti, kwa sababu njaa na maradhi vilikuwa vimeshamaliza sehemu kubwa ya watu. Hapo kati, mtawa Fransisko wa Assisi alivuka mistari ya vita bila silaha akaenda kuzungumza na al-Kamil, na Sultani akamsikiliza kisha akamrudisha salama. Wakatoliki wengi wanaijua sehemu hii. Kitu wasichokijua wengi ni kilichofuata miaka miwili baadaye.

Julai 1221 Pelagius aliliongoza jeshi kuelekea Kairo. Ulikuwa msimu wa Nile kufurika. Wamisri wakafungua njia za maji, mashamba yakageuka ziwa, na jeshi lote likanasa kwenye matope, mbele haliendi na nyuma halirudi, chakula kimekwisha. Al-Kamil angeweza kuwaacha wafe palepale. Ndugu zake waliokuja kumsaidia wapo waliotaka hivyo. Yeye akaomba Damietta tu, akakubali waondoke na roho zao, na wakati mapatano yanakamilishwa akawapelekea mikate.

Padri mmoja Mjerumani aitwaye Oliver, aliyekuwa amehubiri vita hivyo na kusafiri na jeshi, aliandika alichokiona. Anasema watu ambao tuliwaulia wazazi na watoto, ndugu na dada, tukawapora mali na kuwafukuza uchi majumbani mwao, ndio waliotulisha tulipokuwa tunakufa kwa njaa. Maneno hayo yameandikwa na mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuyaficha. Natamani yangekuwa kwenye daftari langu la sekondari, badala ya ile orodha.

Miaka minane baadaye ombi lilelile lilipata wa kulipokea. Kaisari Frederick II wa Ujerumani na Sisilia aliapa kwenda vitani mwaka 1215, akachelewa na kuchelewa, akapanda merikebu mwaka 1227 akaugua na kurudi. Papa Gregory IX alichoka naye akamtenga na Kanisa. Frederick akaondoka hivyo hivyo mwaka 1228, ametengwa, na jeshi dogo ambalo nusu yake halikutaka hata kuonekana linamtii. Kumbe tayari alikuwa anaandikiana na al-Kamil. Mjumbe wa Sultani, Amiri Fakhr al-Din, alikuwa ameshakwenda kwake na kurudi, na mazungumzo yao hayakuwa ya mipaka peke yake: kaisari alipeleka maswali ya hisabati na falsafa, Sultani akayapeleka kwa wanazuoni wake yajibiwe.

Tarehe 18 Februari 1229 wakapatana. Wakristo wapewe Yerusalemu, Bethlehemu na Nazareti, na njia ya kufikia pwani. Waislamu wabaki na Haram yote, Kuba ya Mwamba na Al-Aqsa, na haki ya kuingia kusali. Muda ni miaka 10, miezi 5 na siku 40. Mji uliomwagiwa damu kuliko miji mingi duniani ulitolewa na kupokewa bila mshale mmoja kurushwa.

Ibn Wasil, mwanahistoria aliyeishi zama zile, anasimulia usiku ambao kaisari alilala Yerusalemu. Kadhi wa Nablus, aliyepewa kazi ya kumsindikiza, aliwaambia waadhini wasiadhini usiku ule, kwa kumheshimu mgeni. Asubuhi kaisari akamwuliza kadhi, mbona jana sikuwasikia? Kadhi akaeleza. Kaisari akamwambia umekosea, maana sababu kubwa ya mimi kulala hapa ilikuwa kuisikia adhana na tasbihi zao za usiku. Alikulia Palermo, mji ambao sauti ile haikuwa ngeni.

Mimi nimelala nyumba ambayo adhana ya Alfajiri na kengele ya kanisa la juu ya kilima vinafuatana, mjomba akiamka kwa moja na baba kwa nyingine. Hadithi ya kadhi yule nilimsomea mama simu ikiwa sikioni, akacheka, kisha akanyamaza kwa muda.

Lakini ona walivyolipwa. Waadhini wa Yerusalemu walikwenda hadi kwenye hema la al-Kamil wakaadhini mlangoni pake saa isiyo ya sala, kama watu wanaotangaza msiba, naye akawakasirikia. Huko Dameski, mpwa wake al-Nasir Dawud, ambaye al-Kamil alikuwa anajiandaa kumnyang'anya mji, alimpandisha mwanazuoni Sibt ibn al-Jawzi kwenye mimbari ya Msikiti wa Umawi ahutubie juu ya kupotea kwa Yerusalemu, na msikiti mzima ukalia. Upande wa pili, Patriaki wa Yerusalemu alipiga marufuku ibada zote mjini kwa kuwa kaisari aliyetengwa alikuwa ameuingia. Papa naye alipeleka askari kuvamia ardhi za Frederick kusini mwa Italia wakati mwenyewe yuko Shamu. Tarehe 1 Mei 1229 kaisari alikwenda bandarini Acre alfajiri ili aondoke kimyakimya. Njia ilipita mtaa wa mabucha. Wauza nyama wakamtambua, wakamrushia matumbo na vipande vya nyama mpaka bandarini. Huyu ndiye Mkristo aliyeirudisha Yerusalemu kwa Wakristo, na ndivyo Wakristo walivyomuaga.

Binamu yangu wa kwanza, nilipompigia kumsimulia haya, alisema huo ulikuwa mpango wa wanasiasa, si upendo. Ni kweli. Al-Kamil alianza kumwandikia Frederick kwa sababu alimwogopa ndugu yake wa Dameski, baba yake al-Nasir Dawud, kuliko alivyowaogopa Wafaranji. Frederick naye, aliyetamani adhana, ndiye aliyewahamisha kwa nguvu Waislamu wa Sisilia na kuwaweka Lucera, mbali na kwao. Sijasema walikuwa mawalii. Ila mkulima wa njia ya kutoka Jaffa hakuhitaji watawala wapendane. Alihitaji jeshi lisipite shambani kwake kabla hajavuna, na kwa mkataba ule halikupita. Ukiniambia amani ya hesabu si amani, nitakuuliza Pelagius na usafi wa nia yake aliwapatia nini watu wa Damietta.

Akaniambia pia haikudumu. Haikudumu, na hilo nalikubali kwa uchungu. Mwaka 1244 wapanda farasi wa Khwarazmi, kutoka Asia ya Kati, waliuvamia mji wakaua na kuharibu, na haukurudi tena kwa Wafaranji. Miaka kumi na mitano. Hesabu lakini ni misafara mingapi ya vita ilileta miaka kumi na mitano ya chochote kwa mtu wa kawaida.

Najua pia kwa nini sisi wa pwani neno hili msalaba, likiambatana na vita, linatukereketa. Msalaba wa matanga ya Wareno ulikuwa wa Shirika la Kristo, lililoundwa Ureno mwaka 1319 kurithi mali za Watemplari, wale wapiganaji watawa wa Yerusalemu. Almeida, kamanda wa Wareno, alipoingia Kilwa mwaka 1505, mapadri walishuka na misalaba miwili wakiimba, wakausimamisha msalaba kwenye nyumba ya mfalme, mkuu wa jeshi akasali, kisha uporaji ukaanza. Kumbukumbu hiyo ni yetu na ni ya kweli, simwambii mtu aifute. Ila Kilwa haikutekwa na mjomba wangu wa Usambara, na binamu yangu anapomtumia picha ya panga usiku wa manane anamdai mtu ambaye hana deni lake.

Kwa hiyo nililipeleka jina la al-Kamil kundini, na la Fakhr al-Din, mjumbe wake. Mjomba akauliza huyo mjumbe aliishia wapi. Nikamwandikia.

Alizeeka akiwa amiri mkubwa. Jean de Joinville, aliyekuja na jeshi la msalaba la mfalme wa Ufaransa, aliandika kwamba bendera ya Fakhr al-Din ilikuwa na nembo ya Kaisari Frederick. Ndiye aliyekuwa anaongoza jeshi la Misri wakati Wafaransa hao walipofika Mansura. Asubuhi ya tarehe 8 Februari 1250 alikuwa anaoga kambini wakati wapanda farasi wa Kifaransa walipovuka mto na kuwashtukiza. Alipanda farasi akatoka mbio bila deraya, wakamkuta na kumuua. Frederick alifariki Desemba ya mwaka huo huo, akiwa ametengwa tena na Papa.