Ufike au Uje?

Mwezi uliopita tulikuwa msibani Kibosho. Padre alipomaliza kubariki kaburi akatualika tusali Baba Yetu. Tukaanza vizuri, sauti moja kabisa, mpaka "jina lako litukuzwe". Hapo ndipo njia zilipogawanyika. Sisi Wakatoliki tukasema "ufalme wako ufike"; mashemeji zetu wa Machame, Walutheri tangu enzi za Wajerumani, wakasema "ufalme wako uje". Sisi tunaomba mkate wa kila siku, wao wanaomba riziki. Tukafika "utuopoe maovuni", tukatia Amina tukanyamaza, wenzetu wakaendelea peke yao na "kwa kuwa ufalme ni wako" huku padre akisubiri, kichwa ameinamisha. Bibi mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Mungu atachambua mwenyewe."

Nimelikumbuka jambo hilo kwa sababu tangu mwaka 2025, Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulipotimiza miaka 1700 na Papa Leo XIV akaenda kusali Iznik, ndiyo Nisea ya leo, pamoja na Patriaki Bartholomayo wa Waorthodoksi, nasikia watu wakitamani mtaguso mwingine mkubwa utakaotuunganisha sote. Mimi siutarajii. Na hata ukiitishwa, sidhani kama umoja utapatikana ukumbini.

Tazama Nisea yenyewe. Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu mwaka 325, wakabishana juu ya mafundisho ya Ario, padre wa Aleksandria aliyesema Mwana aliumbwa, wakaafikiana kwamba Mwana ana "umungu mmoja na Baba". Maaskofu wawili tu, Sekundo na Theona, ndio walioshikilia msimamo hadi mwisho, wakapelekwa uhamishoni pamoja na Ario. Ungedhani yamekwisha. Kumbe Ario alirudishwa, na Athanasio, mtetezi mkuu wa Nisea, akafukuzwa katika kiti chake cha Aleksandria mara tano. Ilibidi wakae tena Konstantinopoli mwaka 381 ndipo neno likatulia.

Mtaguso wa Firenze, Italia, ni mfano mchungu zaidi. Julai 1439 Wagiriki, yaani Waorthodoksi, na Walatini, yaani Wakatoliki, walitia saini hati ya umoja. Katika wakuu wa Kigiriki, Marko wa Efeso ndiye aliyejulikana kwa kukataa. Wajumbe waliporudi kwao, watu hawakutaka hata kusikia, na baadhi ya waliosaini wakazikana saini zao. Umoja ule ulikuja kutangazwa Konstantinopoli, ndani ya kanisa la Hagia Sofia, Desemba 1452, na Mei iliyofuata mji wenyewe ukaanguka.

Wanateolojia huliita jambo hili mapokezi: uamuzi wa mtaguso hausimami mpaka waamini waupokee. Sisi tuliozoea halmashauri ya parokia tunalijua bila shahada. Mwenyekiti anauliza, "Tumekubaliana?" Kimya. Katibu anaandika "wajumbe wote waliafiki". Siku ya mchango unawaona watatu.

Ndiyo maana tarakimu za kura hazinitishi wala kunifurahisha sana. Mtaguso wa Vatikano ya Kwanza, 1870, ilipitisha fundisho la Papa kutokosea kwa kura 533 dhidi ya 2, lakini wengi wa wapinzani walikuwa wameshafunga mizigo na kuondoka kabla ya siku ya kura. Vatikano ya Pili, ambayo Kardinali Rugambwa wetu alishiriki, ilipitisha hati ya ekumeni, yaani umoja wa Wakristo, mwaka 1964 kwa 2,137 dhidi ya 11. Tofauti ni kwamba hii ya pili ilitanguliwa na mijadala mirefu na marekebisho mengi, hata aliyeshindwa akawa ameshasikilizwa.

Baraza la Makanisa Ulimwenguni nalo limejaribu kupunguza kura, hasa baada ya Waorthodoksi kulalamika kwamba daima wao ni wachache. Mjumbe huinua kadi ya rangi ya chungwa akilipenda wazo, ya buluu akiwa na mashaka, na mwenyekiti anausoma ukumbi. Napenda utaratibu huo, ila nao una mtego wake. Waorthodoksi wenyewe walipanga Mtaguso wao wa Krete mwaka 2016 kwa kanuni ya kuafikiana wote. Kati ya makanisa 14, manne hayakutokea, Urusi likiwemo.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tuna kisa cha aina nyingine. Juni 1913 wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti na wa Africa Inland Mission walikutana Thogoto, Kikuyu, nchini Kenya, kutafuta shirikisho la makanisa yao. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa akaongoza Chakula cha Bwana ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na wasio Waanglikana wakapokea. Yaani walikula kwanza, ruhusa baadaye. Askofu Weston wa Zanzibar, naye Mwanglikana, alipopata habari aliwaka. Alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury akitaka Peel na Askofu Willis wa Uganda wajibu mashtaka ya uzushi. Jibu lilitoka Pasaka ya 1915: si uzushi, lakini msirudie. Uingereza ukazagaa mzaha kwamba ibada ya Kikuyu ilimpendeza sana Mungu, na isifanyike tena kamwe.

Shirikisho halikuzaliwa. Hata hivyo, kutokana na ushirikiano ule ilipatikana shule ya Alliance mwaka 1926. Na Waanglikana wa Unguja na wa Mombasa, waliokuwa na Biblia mbili kwa Kiswahili cha aina mbili, walikuja kukaa meza moja. Tangu 1952 tunasoma Union Version, Biblia ya Kiswahili ya pamoja. Kikombe kilishindikana, kitabu kikawezekana. Sisi Wakatoliki hatukuwepo Kikuyu, na nadhani tungealikwa tusingekwenda.

Kwa hiyo ombi langu kwa Baraza la Maaskofu Wakatoliki na Jumuiya ya Kikristo ya makanisa ya Kiprotestanti ni dogo. Acheni kwanza suala la Papa. Kaeni mtupatie Baba Yetu moja ya misibani na harusini, muijaribu vigangoni na mitaani kabla ya kuitangaza, na msipige kura. Mimi niko tayari kuachia "ufike", waseme "uje", sawa tu. "Utuopoe" nitaing'ang'ania kidogo, maana ndivyo mama alivyonifundisha.