Saa 100 za gemu, dakika 40 kila usiku

Ukiwaambia watu wazima wenzako kwamba unacheza The Witcher 3, hawakuulizi inahusu nini. Wanakuuliza, "Muda huo unautoa wapi?" Na wana haki ya kuuliza. Hiyo ni gemu ya stori ya mwindaji wa mazimwi, iliyotoka Mei 2015, ukifuata stori kuu tu inakula kama saa 50, ukianza kuchungulia kila kijiji zinapita 100. Persona 5, gemu nyingine ya stori, ndiyo usiseme, saa 100 kwake ni kawaida. Sasa uwe umeajiriwa, unakaa Mbagala na ofisi iko Posta, nyumbani watoto wanakusubiri, na Jumamosi una kikao cha harusi ya mtu ambaye hata hamjuani vizuri.

Mimi nasema muda upo. Mdogo, lakini upo. Gemu ndefu haziuliwi na urefu wake, zinauliwa na pengo. Umekaa Jumapili ukacheza saa nne mfululizo, ukaja kurudi baada ya wiki tatu. Hujui uko mji gani, unamtafuta nani, wala kitufe cha kukinga ni kipi. Unabonyeza ukidhani unakinga, steringi anarusha moto, anachapwa, anakufa. Unazima. Hapo ndipo gemu nyingi zinapoishia, na mwenye gemu anabaki kusema hakuwa na muda.

Ingia sebule yoyote hapa mjini usiku baada ya chakula. Tamthilia ya Kituruki imeanza, wale watu wa Istanbul wanaongea Kiswahili safi, na shangazi kakaa mkao wake. Ameifuata miezi na miezi. Ukijumlisha saa alizokaa pale, zinaimeza Persona 5 na chenji inabaki. Hakuna anayemuuliza muda anautoa wapi, kwa sababu shangazi hautafuti muda. Saa ikifika anakaa, ikiisha anainuka. Na huko Uturuki kwenyewe kipindi kimoja huwa kinafika saa mbili na zaidi. Zikiuzwa nje ndiyo zinakatwa vipande vidogo vya chini ya saa moja. Stori ni ileile, imekatwa tu iingie kwenye usiku wa watu wenye shughuli zao.

Gemu haina wa kukukatia. Ukate mwenyewe.

Hesabu yake siyo ngumu. Dakika 40 kwa usiku, mara 5 kwa wiki, ni dakika 200. Saa 100 ni dakika 6,000. Wiki 30, miezi 7 hivi, gemu imeisha na hakuna mtu nyumbani aliyekununia. Linganisha na yule anayesubiri likizo ili acheze "kwa kutulia". Likizo ikifika anakuta ameshapangiwa safari ya kijijini.

Ila dakika 40 ziwe na mwanzo na mwisho. Chukua mfano wa Baron, mtawala wa eneo la Velen, ambaye kila aliyecheza The Witcher 3 anamkumbuka. Mzee mlevi, mkali, mke wake na binti yake wamepotea, na Geralt, steringi wetu, anamhitaji kwa sababu ana habari za Ciri, binti aliyemlea. Ile sehemu haifai kuimeza kwa pupa usiku mmoja. Usiku wa kwanza unafika ngomeni na kumsikiliza. Wa pili unafuata nyayo, unagundua kwamba mzee hakukueleza yote. Wa tatu anakiri, na hapo unasimama, unaenda kulala ukiwa na hasira naye. Mke wangu, ambaye gemu kwake ni kelele za kitoto, alianza kupita nyuma ya kochi akiuliza, "Baba watoto, huyo mtu wako hajampata tu mwanawe?" Nikajua kumbe kuna watazamaji wawili.

Kabla ya kuzima, naandika mstari mmoja kwenye simu. Siyo shajara, ni mstari tu: "Novigrad. Namtafuta Dandelion. Usiuze ule upanga wa fedha. Quen ni ngao, Igni ni moto." Novigrad ni mji wa kwenye gemu, Dandelion ni rafiki yake Geralt. Mstari wenyewe unaonekana upuuzi mpaka siku umefiwa, umesafiri, umerudi baada ya siku kumi na unakuta mstari ule unakusubiri. Dakika kumi za kujiuliza "nilikuwa nafanya nini hapa" zimeokolewa, na dakika kumi katika 40 ni robo ya kikao chako.

Watengenezaji wengine wanalijua hili vizuri. Pokémon FireRed ya mwaka 2004 ukiifungua inakuonyesha kwanza mambo ya mwisho uliyoyafanya. Dragon Quest XI inakusimulia ulipofikia kabla haijakuruhusu kutembea. Hata The Witcher 3 ina sauti ya Dandelion inayokukumbusha stori wakati gemu inajifungua. Tamthilia zote zinaanza hivyohivyo, na yaliyojiri jana, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba zinamdharau. Kwa nini gemu nyingi za saa 100 mpaka leo zinakutupa katikati ya pori na orodha ya misheni 23, mimi sielewi. Mtu anayekutengenezea gemu ya miezi saba halafu anadhani utakumbuka kila kitu, hajawahi kulea.

Ingawa tukitazama tulikotoka, tumshukuru Mungu. Dragon Quest ya kwanza, Japani mwaka 1986, haikuwa na kusevu kabisa. Ukitaka kupumzika ulipewa maneno ya siri ya herufi 20, uyanakili kwenye karatasi, kesho uyaingize upya. Ya pili, 1987, ikapandisha mpaka herufi 52. Fikiria mtoto ameinama mbele ya televisheni na penseli, ameitwa kula, na katika zile herufi 52 amechanganya mbili zinazofanana. Safari yote imeenda. Ndiyo Dragon Quest III, 1988, ikaja na betri ndani ya kaseti, ikawa inatunza kumbukumbu yenyewe. Final Fantasy VII ya 1997 ilikuwa na kadi ya kumbukumbu, lakini ukiwa ndani ya pango unasevu pale tu walipokuwekea alama. Mama akikuita kabla hujaifikia, chagua: mama au steringi.

Siku hizi una vifaa vya kuchezea mkononi kama Nintendo Switch, iliyotoka Machi 2017, na Steam Deck ya Februari 2022. Unabonyeza kitufe kimoja inalala, unabonyeza tena uko palepale, upanga bado uko hewani. Bei yake inauma, sikatai, lakini kwa mzazi hakuna kilichobadilisha maisha kama hicho. Mtoto akilia unaweka chini. Na kina betri yake, jambo ambalo kwa sisi tunaoishi na umeme wa kukatika lina uzito kuliko ubora wa picha. Mwenye PS aliyoilaza bila kusevu, umeme ukikatika atarudi nyuma kilomita nyingi. Sevu kwanza, ndipo ulaze, hata kama unakwenda chooni tu. Laptopu yenye betri nzima nayo inatosha, maana hizi gemu nyingi za zamani haziombi mashine ya ajabu.

Kuhusu Persona 5 nina kijembe na sifa. Steringi ni mwanafunzi wa sekondari Tokyo, na gemu inakwenda kwa kalenda, siku moja baada ya nyingine. Baada ya masomo una nafasi ya jambo moja, jioni jingine. Ukienda kufanya kibarua, rafiki yako hujamwona. Ukisoma, hujafanya mazoezi. Yaani unatoka kazini ulikokosa muda, unakaa kwenye kochi, unaanza kucheza mtu aliyekosa muda. Nilicheka peke yangu. Lakini ile kalenda ndiyo inaifanya ikatike vizuri kuliko karibu gemu zote za aina yake: siku moja au mbili za mchezo, umesevu, umelala. Kijembe ni kwamba saa zake za mwanzo imekushika mkono kama mtoto wa chekechea, maneno mengi, pa kusimama hapaonekani. Hizo za mwanzo zitafutie siku ya sikukuu.

Sasa, siyo kila saa kati ya hizo 100 ina thamani. Ukifika visiwa vya Skellige kwenye The Witcher 3 utaona ramani ya bahari imejaa alama za kuuliza. Unapanda mashua, unaenda, unakuta mapipa yanaelea na viumbe wenye mabawa na sura ya mwanamke wanakushambulia. Unaenda nyingine, mapipa. Nyingine, mapipa. Ziache. Hakuna tuzo ya mtu aliyemaliza mapipa. Watu wanaogopa kuziacha kama vile watadaiwa, ilhali nusu ya "muda sina" tunayoilalamikia imezama kwenye ile bahari.

Vivyo hivyo kupigana na vijidudu ili kupanda levo. Final Fantasy VII ilipoletwa kwenye PS4 mwaka 2015 iliwekewa kitufe cha kuharakisha mara tatu, na kingine cha kuzuia maadui wa kushtukiza. Final Fantasy XII iliporudi 2017 nayo ikaja na mwendo wa haraka. Wapo wazee wa kazi watakaokuambia ukivitumia hujacheza. Waache, wengi wao walicheza wakiwa na miaka 15 na likizo ya Desemba nzima. Na ugumu ushushe. Mimi bosi, yule adui mkubwa wa kwenye gemu, akishanichapa vya kutosha nashusha kiwango bila kumwomba mtu ruhusa, kwa sababu zile dakika 40 nilikuja kusikiliza stori.

Kwenye vibanda vya gemu mambo haya hayawezekani, tusidanganyane. Kule ni mpira, unalipia mechi au saa, na hata ukisevu umesevu kwenye mashine ya watu. Kesho kijana mwingine ameanza upya juu ya sevu yako. Gemu ya stori inataka kwako, hata kama kwako ni chumba kimoja na televisheni mnagombania.

Halafu kuna wanaosema kwa nini ujichoshe, stori yote iko YouTube. Ukitaka kujua tu kilichotokea, kweli, nenda. Ila nirudi Velen kidogo, na ambaye hajafika aruke aya hii. Kuna roho imefungwa chini ya mti. Inakuomba uifungue, inaahidi itaokoa watoto yatima. Uifungue au uiue? Ina sauti ya kutisha, na waliokutuma kuiua nao si watu wa kuaminika. Gemu haikuambii kwamba jibu lako litakuja kuamua pia hatima ya mke wa Baron. Mwenye muda mwingi anaamua kwa sekunde kumi, anaendelea. Mimi nilisevu, nikazima, nikalala nayo, nikapanda nayo gari asubuhi, nikakaa nayo kwenye foleni ya Kilwa Road nikiwaza watoto na yule mama. Usiku nikaja na jibu langu. Kwa hilo sioni kwamba sisi wa dakika 40 tunacheza nusu ya gemu. Kuna mahali tunaicheza zaidi ya wenye siku nzima, maana uamuzi ulitakiwa uwe mzito na foleni imeupa uzito.

Sharti moja silegezi: moja kwa wakati mmoja. Punguzo la bei likija watu wananunua gemu tano ndefu kwa mkupuo, wanaanza zote, wiki ya pili steringi wa huku wanamchanganya na wa kule. Vitufe havifanani, majina hayafanani, na hakuna kinachoharakisha pengo kama hicho. Angalau mabando yanatusaidia hapo, Baldur's Gate 3 kwenye kompyuta inataka nafasi ya GB 150. Hujaribu gemu ya hivyo kwa kuonja.

Na kama hata miezi saba ni mingi, zipo fupi zisizo na aibu. Chrono Trigger ya mwaka 1995 inaisha kwa saa 20 na kitu, iko hata kwenye simu, na haina mapipa baharini. Clair Obscur: Expedition 33, iliyotengenezwa Montpellier, Ufaransa, ikatoka Aprili 2025, stori yake kuu ni kama saa 30 na watu wameilia kuliko za saa 100. Ukitaka ya kwetu Afrika, Aurion ya Kiro'o Games wa Yaoundé, Kamerun, ilitoka 2016 na inachezeka kwenye kompyuta ya kawaida. Mapigano yake yana makeke mengi kidogo kwa ladha yangu, lakini ufalme ni wa Kiafrika, mfalme na malkia wanasafiri pamoja kudai kiti chao, na mke wangu hiyo aliangalia akiwa amekaa, siyo akipita.

Zamu inayofuata kwangu ni hiyo Baldur's Gate 3. Nimeshafuta picha za harusi za watu kwenye kompyuta ili nafasi itoshe, na napakua kwa bando la usiku, kidogo kidogo.