Mkaa wa makaa ya mawe hauna moshi, lakini hilo halitoshi

Tangu mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uzinduliwe Mei 2024, kwa lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, mkaa mbadala umepata soko ambalo haukuwahi kuwa nalo. Sehemu ya mkaa huo ni briketi, yaani vipande vilivyobanwa, vinavyotengenezwa kwa makaa ya mawe, kama zile Rafiki Briquettes za Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) ambazo malighafi yake hutoka mgodi wa Kiwira. Mimi naunga mkono briketi hizi kwa sharti moja: ziwake kwenye majiko makubwa yenye bomba la moshi, shuleni, magerezani na makambini. Kuziita nishati safi kisha kumuuzia mpangaji wa chumba kimoja Mbagala au Mwanjelwa ni kosa linaloweza kuua.

Hoja kwamba briketi zinaokoa miti ni ya kweli, sina ugomvi nayo. Tanuri la udongo la kienyeji hula kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Taasisi inayopikia mamia ya watu kila siku ikiacha mkaa wa miti, msitu unaona tofauti.

Ila briketi si makaa ya mawe yaliyopondwa na kubanwa tu. Ikitengenezwa sawasawa, makaa huchomwa kwanza bila hewa, kwenye nyuzi 450 hadi 600 za Selsiasi, ili gesi na lami zitoke huko huko kiwandani zisije zikatoka jikoni. Ndipo yanasagwa, yanachanganywa na kiunganishi kama wanga wa muhogo au udongo wa mfinyanzi, yanatiwa chokaa, yanabanwa na kukaushwa. Kila hatua ina pa kuharibikia. Yakichomwa kidogo, briketi hutoa moshi wa manjano wenye lami. Yakizidishwa, briketi hukataa kushika moto na mpishi anaishia kumwagia mafuta ya taa. Udongo ukizidi, majivu yanajaa na joto linapungua. Kiunganishi kikipungua, briketi inavunjika safarini na zile chenga zinaziba matundu ya hewa ya jiko. Iangushe kutoka urefu wa mita moja kwenye sakafu ya saruji: nzuri hupasuka vipande viwili au vitatu, mbovu humwagika kama mchanga.

Chokaa ndiyo mtengenezaji mwenye haraka huipunguza, kwa sababu mnunuzi haioni. Makaa yenye salfa asilimia 1 yana gramu 10 za salfa kwa kilo, na hizo zikiungua zote hutoa gramu 20 za dioksidi ya salfa. Kuifunga salfa hiyo kunataka, kwa hesabu ya kemia, gramu 31 hivi za mawe ya chokaa yaliyosagwa. Kwa matumizi halisi weka mara mbili yake, maana si chembe zote zinazokutana. Pua itakwambia kama ilisahaulika: harufu kali ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi, macho yanawasha, na baada ya miezi bati la juu ya jiko linaanza kula kutu.

Moshi na salfa angalau vina dalili. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, haina. Hewa ikiingia chini ya jiko hukutana na kaboni na kuwa hewa ukaa. Ikipanda katikati ya makaa mekundu huchukua kaboni nyingine na kugeuka monoksaidi. Ikifika juu ikakuta hewa na joto la kutosha, huungua, na ule mwali mdogo wa buluu unaouona ukichezacheza juu ya makaa ndiyo hiyo. Sasa mpishi aone moto unapungua, amwage briketi baridi juu: mwali unazimika, lakini chini gesi inaendelea kutengenezwa na inatoka yote chumbani. Haina rangi wala harufu. Hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi, na anayelala hajui kwamba anazidiwa.

Sifa inayouza briketi hizi, kwamba zinakaa na moto kwa saa nyingi, ndiyo inayonitisha. Juni na Julai huko Makete, Njombe na Mbeya jiko likishapika huingizwa ndani kupasha chumba. Mkaa wa miti umekwisha kuua watu kwa mtindo huo, na wenyewe huzimika mapema. Briketi ya makaa ya mawe inafika alfajiri.

Mongolia wamepitia hili. Mei 2019 serikali ilipiga marufuku makaa ya mawe ghafi katika mji wa Ulaanbaatar na kuleta briketi ili kupunguza moshi uliokuwa unafunika mji kila baridi. Moshi ulipungua. Lakini baridi ilipoanza mwaka huo huo, watu walikufa kwa kaboni monoksaidi na wengine wengi wakakimbizwa hospitali, wakitumia mafuta mapya kwenye majiko na mabomba yale yale ya zamani. Upande mwingine, wilaya ya Xuanwei huko Uchina, ambako wanawake wasiovuta sigara waliugua saratani ya mapafu kwa sababu ya makaa ya mawe yanayochomwa ndani ya nyumba, utafiti uliochapishwa 2002 ulionyesha kuwa nyumba zilizowekewa bomba la moshi zilipunguza hatari hiyo kwa zaidi ya theluthi. Bomba, basi, ni sehemu ya jiko kama ilivyo wavu. Shirika la Afya Duniani tangu 2014 linashauri makaa ghafi yasitumike kabisa majumbani.

Upande wa fedha, watu hulinganisha bei ya kilo wakasahau majivu. Mkaa mzuri wa miti una majivu asilimia 3 hadi 5. Briketi yenye asilimia 25 ina maana lori la tani 30 linalotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, limebeba tani 7.5 za majivu, na nauli yake inalipwa. Karibu na mgodi hesabu inakubali. Pwani gesi ya mitungi inaishinda mapema. Kwa hewa ukaa pia: makaa ya mawe hutoa kilo 95 hivi kwa gigajouli moja ya joto na gesi ya mitungi 63, halafu jiko bora la mkaa hufikisha kwenye sufuria robo ya joto wakati gesi hufikisha nusu. Pishi lile lile, uchafuzi mara tatu.

Taasisi itakayotumia briketi ijenge jiko lenye wavu unaotikisika ili majivu yashuke, na bomba lipande angalau mita moja juu ya kipaa. Ziwashwe na vijiti vikavu, nusu saa kabla ya sufuria kupanda, hadi ziwe kijivu juu na nyekundu ndani. Nyongeza iwekwe pembeni, kidogo kidogo, si kwa kufunika moto wote. Stoo iwe na machaga, kwa sababu briketi ya wanga ikinyonya unyevu huota ukungu na kumong'onyoka.

Na majivu yake wapishi waambiwe waziwazi. Majivu ya kuni tumezoea kuyahifadhia mahindi na maharage, kuyasugulia masufuria na kuyatupia mbogamboga. Haya ya makaa ya mawe hubeba madini yaliyokuwa kwenye mwamba, ikiwemo aseniki na risasi. Yachimbiwe shimo lenye sakafu ya saruji na kifuniko, mbali na kisima, na debe la kuyabebea lisirudi jikoni.