Printa ya Picha Nyumbani Kwangu? Mwacheni Fundi wa Studio Naye Ale

Hapa kwangu Tabata pamezuka hoja kwamba tununue printa ya picha. Mtoa hoja ni mama watoto, na anayemuunga mkono ni shemeji yangu, ambaye hajawahi kuchangia hata LUKU inayomchajia simu. Wanadai kwamba picha zetu zote zimo ndani ya simu, na siku simu hiyo itakaponyakuliwa dirishani mwa daladala, ukoo mzima utakuwa umekwenda na kibaka. Hilo silipingi, ninachopinga ni hesabu.

Bei ya mashine yenyewe haitishi, na wauzaji wa Kariakoo huitaja huku wanatabasamu. Kinachomaliza mtu ni wino. Katriji (vikasha vya wino) zinazokuja na printa mpya mara nyingi hazikujazwa sawasawa, kwa hiyo ukishachapa picha za kipaimara na za mjomba aliyevaa kanzu, unarudi dukani. Usipochapa nako, wino hukauka katika vitundu vya kichwa cha printa, na mashine ikitaka kuvizibua hujisafisha kwa wino huohuo ulioununua. Yaani kitu kinakula hata siku ambayo hakikufanya kazi. Mwenye tabia hiyo humu ndani tunaye tayari, nami sitamtaja.

Shemeji akaleta hoja ya printa ndogo za utepe, ambazo huhamisha rangi ya utepe hadi kwenye karatasi kwa joto na hazina wino wa kukauka. Ni kweli, na picha zake ni nzuri. Ila karatasi hupita mara nne, kwa manjano, magenta (wekundu wa waridi), samawati na tabaka la kinga, na umeme ukikatika kabla ya samawati, bibi harusi atabaki mwekundu mpaka siku ya talaka. Isitoshe, utepe huja kwa idadi ya karatasi zake: hata ukichapa picha ya ukuta mweupe, sehemu ya utepe imekwenda.

Halafu kuna majirani. Ikijulikana kwamba kwa Baba Neema kuna printa, kila mwenye mtoto anayeanza shule atabisha hodi akitaka “pasipoti nne tu,” na kumtoza jirani pesa ya picha ni kutafuta kususiwa msiba. Mpiga picha wa kumbini, anayeuzia wageni papo hapo, yeye anunue, mashine itamlipa.

Wala picha zenyewe hazifai zote. Ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji takriban pikseli (vile vidoa vinavyounda picha) 1200 kwa 1800 ili itoke safi, nasi tunazo zilizozungushwa kwenye WhatsApp mpaka bibi hana pua.

Nimependekeza tuchague chache kila mwezi, tukazichapishe studio ya kituoni kwa pesa yangu. Kikao cha kuchagua kinaendelea tangu Jumapili, na mpaka sasa zilizopita zote ni za shemeji.